Tathmini ya sensa ya 2019 Lamu: kishikwambi alama nne, mashua alama moja

Huduma hii huja mlangoni mara moja katika miaka 10. Haina ada, haina mshindani wa kumhamia, na ukirukwa hupewi risiti ya kuonyesha kwamba umerukwa. Ni hesabu ya watu na makazi, ile iliyochukua usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019 kuwa kipimo chake. Hapa inapimwa kama huduma nyingine yoyote: kilichoahidiwa, kilichofika na mahali inapovunjika. Mkazo ni Lamu. Malindi inaingia pale tu inapoonyesha jambo ambalo visiwani halionekani.

Ahadi yenyewe ni fupi: kila aliyelala ndani ya mipaka ya Kenya usiku ule ahesabiwe, mara moja tu, pale alipolala. Raia, mgeni, mtoto wa siku moja, mfungwa, mtalii wa Shela, wote. Neno zito hapo ni "alipolala". Mtu wa Faza aliyelala Mombasa usiku ule ni wa Mombasa kwa hesabu hii, na daktari wa Nairobi aliyelala Mokowe ni wa Lamu. Aliyekuwa bado Makka baada ya hija, maana Idd ya kuchinja ilikuwa imepita wiki mbili tu, hakuhesabiwa kabisa.

Matokeo yalitangazwa tarehe 4 Novemba 2019. Nchi nzima ilikuwa na watu 47,564,296. Kaunti ya Lamu ilipata 143,920: wanaume 76,103, wanawake 67,813 na huntha 4. Lamu Magharibi ilibeba 121,662, Lamu Mashariki 22,258. Mwaka 2009 kaunti nzima ilikuwa na 101,539, kwa hiyo iliongezeka kwa takriban asilimia 42 wakati nchi iliongezeka kwa asilimia 23. Na tazama jinsia: Lamu kuna wanaume 112 kwa kila wanawake 100, ilhali kitaifa ni 98. Bandari ilikuwa ikijengwa Kililana, vikosi vilikuwa msituni, wavuvi wa kuhama walikuwa ufuoni. Wanaume wanaoishi bila familia, kambini, kwenye vyumba vya kupanga na kwenye madago, yaani kambi za muda za wavuvi, ndio watu wagumu kuhesabika popote duniani. Kaunti yenye wengi wa namna hiyo inahitaji huduma ya namna yake, na hapo ndipo lawama za tathmini hii zinapoanzia.

Lakini kwanza sifa, kwa sababu zipo.

Sensa ya 2009 ilijazwa kwenye karatasi, na matokeo yake yakatoka tarehe 31 Agosti 2010, mwaka mzima baadaye. Mwaka 2019 karani alibeba kishikwambi, na hesabu ikatoka baada ya miezi miwili na siku chache. Kasi ni faida ndogo, kubwa ni kwamba kifaa hukataa upuuzi papo hapo. Ukiandika mama wa miaka 22 mwenye mtoto wa kuzaa wa miaka 17, hakikuruhusu kupita bila kurekebisha. Mtoto wa miaka miwili hakumletei swali la kazi. Kwenye karatasi makosa kama hayo yaligunduliwa ofisini, miezi baadaye, na aliyeyarekebisha hakuwahi kuiona nyumba ile. Ramani ya eneo nayo imo ndani ya kifaa, hivyo karani anauona mpaka wake na msimamizi anaweza kuona kona ambayo haijaguswa. Alama nne kati ya tano.

Ile moja iliyokatwa ni ya mambo ya pwani. Hewa ya chumvi hula tundu la chaji, na kifaa kilichorashiwa maji ya bahari kikifutwa kwa kanga tu kitaacha kuchaji siku ya tatu. Dawa yake ni rahisi: mfuko usiopitisha maji ndani ya mashua, kitambaa chenye unyevu wa maji yasiyo na chumvi kisha kikavu, na kifaa kisichajiwe mpaka tundu likauke. Betri ya akiba ni lazima, na vijijini visivyo na stima paneli ndogo ya sola inafaa kuliko kumtegemea mwenye duka. Tatizo lingine liko Mkomani na Langoni, mitaa ya mji wa Lamu. Vichochoro vya Mji wa Kale ni vyembamba na kuta za mawe ni za ghorofa mbili tatu, kwa hiyo setilaiti haionekani vizuri na nukta ya nyumba kwenye ramani huangukia kwa jirani. Ukichukua nukta penye daka, yaani kibaraza cha mlangoni, inaweza kukupeleka mtaa wa pili. Panda darini au usubiri dakika mbili tatu penye uwazi kabla ya kuihifadhi, kisha andika jina la mtaa na alama ya nyumba. Mbali na minara ya simu kifaa hutunza kazi chenyewe mpaka kipate mtandao, na hilo halina tatizo mradi msimamizi aandike kwenye daftari nani hajatuma. Kishikwambi kikitumbukia majini na kazi ya siku tatu ambayo haijatumwa, zile nyumba zinarudiwa upya.

Sasa lile swali la kulala. Swali linaloonekana jepesi kuliko yote ndilo linaloharibu mengi, na kosa ni la lugha. Tarehe 24 Agosti 2019 ilikuwa Jumamosi. Karani aliyefunzwa bara anauliza, "Usiku wa Jumamosi nani walilala hapa?" Kwa hesabu ya siku ya wazee wa Lamu, siku huanza jua likitua, kwa hiyo usiku wa Jumamosi ni ule unaotangulia mchana wa Jumamosi. Bibi atakutajia waliolala Ijumaa, kwa uaminifu kabisa, na wewe utaandika usiku usio wako. Aliyesafiri Jumamosi mchana anaandikwa mara mbili, aliyefika Jumamosi jioni haandikwi. Uliza hivi: "Asalaam aleikum, mama. Usiku wa kuamkia Jumapili, humu ndani waliamka nani na nani?" Neno "kuamkia" halina utata kwa mtu yeyote wa pwani. Ajabu ni kwamba mabango mengi ya Kiswahili husema kuamkia, ila mdomo wa karani hurudi kwenye njia fupi.

La pili ni nyumba yenyewe. Kipimo si paa wala ukoo. Ni watu wanaokaa pamoja, wanaokula chungu kimoja na kumsikiliza mkuu mmoja. Jumba la mawe la Amu, yaani mji wa Lamu, linaweza kuwa na vyungu vitatu: mama mkubwa chini, mwana na mkewe juu, mpangaji nyuma. Hizo ni nyumba tatu katika jengo moja, na alama ya chaki mlangoni, ile ya nyumba iliyohesabiwa, isimdanganye karani wa kuhakiki kwamba ni moja. Malindi kosa ni kinyume chake. Kwa Wagiriama wa Ganda na kwingineko, mudzi mmoja, yaani boma, una vibanda vingi, na anayehesabu paa huzidisha. Kuna na kichekesho cha msamiati. Neno "kaya", linalotumika Tanzania kwa maana ya watu wa chungu kimoja, kwa Mmijikenda ni msitu mtakatifu wa wazee. Ukiuliza "kaya yenu ina watu wangapi?" utajibiwa kwamba hakuna anayekaa huko. Tumia "nyumba", kisha eleza chungu.

Mume wa wake wawili huandikwa alikolala usiku ule, basi. Nyumba ya pili asiandikwe, hata mke akisisitiza kwamba ndiye mwenye nyumba. Hapo karani asibishane. Amwulize mama zamu ya usiku ule ilikuwa ya nani, kwa sauti ya chini, tena mbali na mke mwenza.

Anayefanya kazi usiku na kurudi asubuhi, askari wa lango, muuguzi, mvuvi wa mshipi, huandikwa kwake kama aliyelala. Kanuni hii ni nzuri mjini. Malindi inasaidia sana kwa walinzi wa majumba ya Waitaliano, ambao nyumbani husemwa "yuko kazini" na kazini husemwa "kwake ni Goshi", wakaanguka katikati. Baharini kanuni hiyohiyo inaleta shida. Mvuvi aliyetoka Kizingitini jioni akarudi alfajiri ni wa kwake. Aliyekwenda dago Kiwayu au Ndau kwa miezi mitatu ni wa dago. Mke wa kila mmoja atajibu neno lilelile: "Yuko baharini." Karani asiyejua kazi ya bahari huwaandika wote wawili nyumbani, au huwaacha wote wawili. Swali la kuongeza ni moja tu: "Anarudi na samaki asubuhi, au yuko dago?"

Na dago lenyewe nani alilifikia? Dago ni kambi ya makuti na turubai, haina namba ya mlango, haikuwapo mwezi ambao wachora ramani walipita, na mwezi ujao haitakuwapo. Watu wake huhama na upepo. Mwishoni mwa Agosti kusi bado inavuma, kwa hiyo wengi hujificha upande wa ndani wa visiwa, penye vijia vya maji kati ya mikoko, ambako mgeni hapaoni. Hojaji ina kundi la wasafiri, la wanaolala nje na la wageni wa hoteli. Mvuvi wa dago si yeyote kati ya hao, na pasipo kundi lake hakuna msimamizi anayeulizwa habari zake. Hapo alama ni mbili, na tumezitoa kwa huruma.

Usafiri ndio uliopata moja. Eneo la karani mmoja huchorwa kwa wastani wa nyumba 100, kuanzia 50 hadi 149. Hebu tupige hesabu. Ukiipa kila nyumba dakika 40, na hojaji ile ilikuwa ndefu, toka paa na sakafu hadi ununuzi wa mtandaoni, nyumba 100 ni saa 67. Siku saba za kuhesabu zinataka zaidi ya saa tisa na nusu za kuhoji kila siku, bila kutembea, bila swala, bila kurudi kwa waliokosekana. Langoni inawezekana, kwa sababu mlango na mlango ni hatua nne. Katika vijiji vya Waaweri, Mangai, Milimani, Basuba, Mararani na Kiangwe, nyumba chache zinatenganishwa na msitu wa Boni, ambako operesheni ya usalama imekuwapo tangu 2015. Huko karani haendi bila msafara, na msafara haumngoji aliyekwenda shambani au kurina asali. Tena mtu akiona gari la askari hutaja watu pungufu, si zaidi. Karani mzaliwa wa hapo, anayesema Kiaweri na kujua nani ana mtoto mchanga, ana thamani kuliko magari mawili ya doria. Kwa makarani kuchukuliwa kutoka maeneo yao wenyewe, mpango ulikuwa sawa, na tunausifu.

Visiwani kikwazo ni maji. Mwezi wa robo ya mwisho ulikuwa tarehe 23 Agosti 2019, na mwezi mwandamo tarehe 30. Maana yake usiku wa sensa uliangukia maji mafu, na wiki ikaishia kwenye bamvua. Wakati wa maji mafu tofauti ya kujaa na kupwa ni kama mita moja, na mashua huingia karibu kila gati saa yoyote ya mchana. Wakati wa bamvua tofauti inazidi mita tatu. Maji hujaa alfajiri na alasiri, na hupwa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, ndiyo saa ya kazi. Karani anayeondoka saa mbili huachwa juu ya matope mpaka saa nane. Ratiba yenye akili ingeanza na vijiji vya mbali na vya gati bovu siku nne za kwanza, mji ukaachwa mwisho. Mpango wa kawaida wa ofisi huanza karibu na kumalizia mbali, na bahari haikushauriwa. Bei ya mafuta ya mashini nayo iwe kwenye bajeti kwa safari, si kwa siku, maana nyumba iliyofungwa hurudiwa, na Kiunga hairudiwi kwa miguu.

Umri, kwa ufupi. Wazee wengi husema 60 au 70, si 63 wala 71, na namba zinazoishia na 0 na 5 hujaa mno. Kitambulisho husaidia ila nacho mara nyingi kiliandikwa kwa kukisia. Kalenda ya matukio ndiyo inayofaa, mradi iwe ya hapa: mafuriko ya 1961, Uhuru 1963, vita vya Shifta vilivyowahamisha Wabajuni kutoka vijiji vya bara, mvua za El Niño za 1997, tsunami ya 26 Desemba 2004. "Mtoto huyu alikuwa anatambaa au anatembea bahari ilipokuja juu?" hupata jibu haraka kuliko "ana miaka mingapi?" Wapo wazee wasiopenda watoto wahesabiwe kwa idadi, kwa hofu ya husda. Waombe majina. Kishikwambi kitahesabu chenyewe, na jina ndilo hojaji inaloanza nalo.

Safu ya huntha ilikuwa mpya, na nchi nzima ilipata 1,524. Wanne kwa Lamu yote ni idadi inayosema zaidi kuhusu namna swali lilivyoulizwa kuliko kuhusu watu. Mkuu wa nyumba, amekaa dakani, majirani wanapita, anaulizwa jinsia ya mwanawe kwa sauti. Atajibu nini?

Kuna mtu atasema, wachache wakikosekana dunia haiinami. Kwa Lamu inainama. Gawa idadi ya taifa kwa maeneobunge 290, upate 164,015 kwa kila moja. Katiba, kifungu cha 89, inaruhusu kupungua chini ya wastani huo kwa hadi asilimia 40 kwa maeneo yenye watu wachache, yaani takriban 98,400. Lamu Magharibi na 121,662 yake imevuka. Lamu Mashariki na 22,258 haifikii hata robo ya hicho kiwango. Na katika mfumo wa tatu wa kugawia kaunti fedha, uliopitishwa na Seneti mwaka 2020, idadi ya watu ilipewa uzito wa asilimia 18. Dago moja lililorukwa haliwezi kubadilisha mpaka wa eneobunge, lakini madago yote ya Pate, Ndau, Kiwayu na Kiunga kwa pamoja si kitu kidogo mbele ya 22,258.

Watetezi wa huduma hujibu kwamba upungufu hupimwa baadaye, kwa uchunguzi wa kuhakiki. Hebu tuone unavyofanya kazi, kwa mfano wa kubuni. Sensa imepata watu 1,000 kijijini. Timu nyingine, isiyojua majina ya kwanza, inarudi na kupata 950. Majina yanalinganishwa na 900 yanapatikana kwenye orodha zote mbili. Zidisha 1,000 kwa 950, gawa kwa 900, upate 1,056. Kwa hiyo watu 56 hivi walikosekana sensani. Hesabu ni safi na inaaminika penye sharti moja: kwamba kukosekana mara ya kwanza hakumfanyi mtu akosekane zaidi mara ya pili. Mtaa wa mjini unalitimiza sharti hilo kiasi. Kambi ambayo mashua haikufika Agosti, haitafikiwa na timu ya pili pia, kwa sababu ileile, maji yaleyale na bajeti ileile. Hao hawamo kwenye 1,000, hawamo kwenye 950, na kanuni haina pa kuwaona.

Dawa ipo, tena haihitaji kifaa kipya. Kila bandari ndogo ina kamati ya BMU, ile ya wavuvi ya kusimamia ufuo, inayojua vyombo na wavuvi wa ufuo wake. Wiki mbili kabla ya usiku wa sensa, msimamizi akae na kamati hiyo aandike vyombo vilivyo nje, idadi ya mabaharia kwa kila chombo na dago walikoelekea. Orodha hiyo isichukuliwe kuwa hesabu, maana daftari la bandari lina majina ya waliohama na halina ya vibarua. Iwe ramani ya kutafutia. Nahodha mmoja mwenyeji alipwe kuzungusha karani wa madago peke yake, usiku wenyewe na kesho yake, kabla watu hawajatawanyika na nyavu. Kila aliyehesabiwa apewe kadi yenye namba, ili akirudi kwao siku ya tatu na kuulizwa, aonyeshe asiandikwe tena.

Tarehe nayo iangaliwe mapema. Usiku wa 24 Agosti ulitumika 2009, tena ndani ya Ramadhani iliyokuwa imeandama siku chache tu kabla, na ukatumika tena 2019. Ukitumika tena, tarehe 24 Agosti 2029 ni mwezi mpevu. Bamvua itaanza na sensa badala ya kuimaliza, gati za nyuma ya mikoko zitakuwa kavu saa nne asubuhi siku tatu nne za mwanzo, na ratiba ya visiwani itabidi igeuzwe: mji kwanza, Ndau na Kiwayu kuanzia siku ya tano.